Wa Mahindi au wa Mpunga?

Nianze na kosa langu, maana bila kosa hilo nisingekuwa na la kuandika.

Mvua za mwisho wa mwaka 2017, mimi na majirani watatu tulikodi kipande cha shamba kilimani, juu ya Kanyosha, kule nyumba za matofali zinakokwisha na mihogo inapoanza. Mmoja wao ni Mkongo, mkimbizi kama mimi. Wawili ni Warundi. Tukapanda mahindi na maharage. Mahindi yalipofika magotini, mama mmoja kati yao akaja kwangu asubuhi na jani mkononi. Jani limetobolewa matundu matundu, na ndani ya mkunjo wake kuna kiwavi wa rangi ya udongo, amejikunja.

"Mwalimu," akasema, "hii kidudu ni ya namna gani?"

Wananiita Mwalimu kwa sababu kule Uvira nilifundisha biolojia sekondari miaka tisa. Nikamwangalia yule kiwavi kidogo tu, chai yangu hata haijapoa, nikajibu kwa sauti ya mtu mwenye diplome: "Hawa ni viwavijeshi, mama. Tunawajua tangu zamani. Wanakuja wengi, wanakula, halafu wanapita. Tuvumilie tu."

Tukavumilia. Hawakupita. Baada ya wiki mbili kila mche ulikuwa na wake, amejificha kooni mwa mhindi, kinyesi chake kimejaa pale kama unga wa mbao. Tulitegemea magunia saba, tukapata mawili. Yule mama hakunilaumu. Alisema tu, "Si kitu, Mwalimu. Kumbe hata wewe hukujua." Hilo neno "hata wewe" lilinichoma kuliko matusi.

Kumbe yule hakuwa kiwavijeshi wa kwetu. Alikuwa mgeni: kiwavijeshi vamizi, ambaye wataalamu humwita Spodoptera frugiperda, mwenyeji wa Amerika. Afrika aliripotiwa kwa mara ya kwanza mwaka 2016, upande wa magharibi na kisiwani São Tomé, na ndani ya miaka miwili alikuwa ameshaenea karibu nchi zote za kusini mwa Sahara. Kiwavijeshi wa Afrika, Spodoptera exempta, ni ndugu yake wa karibu, lakini tabia zao ni mbali. Huyu wa kwetu hufuata pepo za mvua, hushuka kama jeshi, hula nyasi na nafaka, kisha huingia ardhini, na akitoka na mabawa huhama. Yule mgeni akifika anapanga. Kwenye joto kizazi kimoja huchukua kama mwezi mmoja, na kabla hakijaisha kingine kimeanza. Kumwambia mkulima "vumilia, watapita" kuna maana kidogo kwa yule wa kwanza. Kwa huyu wa pili ni kumtia njaa.

Nasimulia haya kwa sababu katika mikutano yetu ya wakimbizi, na hata katika kurasa za jarida hili, kuna maneno tunayoyapenda sana: eti kugawa watu na vitu kwa aina ni ugonjwa ulioletwa na wakoloni, na dawa yake ni kukataa majina yote. Sisi sote ni watu, basi. Mimi mwenyewe nimeyasema hayo, nikapigiwa makofi. Lakini tangu mahindi yale, siwezi kuyasema tena kwa moyo wote. Tofauti zipo. Kuna mahali ambapo kutozijua ni kosa, na anayelipa ni mtu mwingine, si wewe uliyekosea. Swali langu ni hili: kama kutofautisha hakuepukiki, nani ana haki ya kusema huyu ni wa aina gani, na kwa ushahidi upi?

Tuanze na macho. Alama zipo, na mtoto wa shule anaweza kuzijifunza. Kiwavi vamizi akishakua ana mstari mweupe usoni kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe za mraba. Ningeinama siku ile nikatazama vizuri, ningeyaona. Kwa hiyo sikudanganywa na macho yangu. Nilidanganywa na haraka yangu, na heshima ya kuitwa Mwalimu.

Lakini macho nayo yana mipaka. Yule kiwavijeshi wa Afrika, akikua peke yake kwenye nyasi, huwa wa kijani au kahawia. Akikua katika msongamano, anageuka mweusi. Anaweza kuwa wa mama mmoja na yai moja na mwenzake; kilichobadilika ni wingi wa waliomzunguka. Sisi tuliokaa kambini tunaelewa hapo bila kufafanuliwa. Mtu asiyejua angewaona weusi na wa kijani, akaandika aina mbili. Na nondo wa yule vamizi: dume ana madoa meupe kwenye mabawa ya mbele, jike ni wa kijivu tu, hana urembo. Hapo tena mtu wa haraka angewatenganisha mume na mke.

Nimesema nondo. Kwetu Uvira tulisema kipepeo cha usiku. Hilo neno nondo nililikuta kitabuni, na fundi wa ujenzi akilisikia anafikiri unataka vyuma vya zege. Ni wale wadudu wanaokuja kwenye taa jioni. Ukimshika mmoja, vidoleni hubaki vumbi. Vumbi lile ni magamba ya mabawa, na ndiyo michoro yenyewe anayotambuliwa kwayo. Nondo aliyeishi siku nyingi, aliyepigwa na mvua na upepo, anabaki na mabawa yasiyosomeka. Ndiyo maana wataalamu wanaochunguza maumbile hawaishii kwenye rangi. Humpasua tumbo na kutazama viungo vya uzazi kwa hadubini, kwa sababu aina zinazofanana kwa mabawa mara nyingi hutofautiana hapo. Ni kazi ya miaka, na wanaoijua ni wachache.

Mwaka 2003 mwanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, Paul Hebert, pamoja na wenzake, walipendekeza njia fupi. Walisema: tuchukue kipande kimoja kifupi cha DNA, kilekile kwa kila mnyama, chenye herufi 650 hivi, tukisome kama mashine ya dukani inavyosoma ile mistari myeusi kwenye pakiti ya sabuni. Waliwajaribu nondo na vipepeo, aina 200 zinazokaribiana, na kila mdudu mpya waliyempima alirudi kwenye jina lake sawasawa. Njia hiyo ikaenea duniani. Uzuri wake ni kwamba yai, kiwavi na nondo ni mwili mmoja katika umri tofauti. Macho huhitaji nondo mzima, DNA inaridhika na mguu uliokatika. Yule mgeni alipofika Afrika Magharibi mwaka 2016, wataalamu walimtambua kwa njia zote mbili, umbo na DNA, na majibu yakakubaliana. Hivyo ndivyo ilivyostahili kuwa hata kwetu kilimani.

Nilipoyasoma haya kwenye simu yangu nilifurahi kama mtu aliyepata hakimu asiyekula rushwa. Nikasema, basi ubishi umekwisha. Lakini nikaendelea kusoma.

Huko Amerika, kiwavi huyu ana koo mbili. Ukoo mmoja hupenda mahindi, mtama na pamba. Mwingine hupenda mpunga na nyasi za malisho. Kwa macho hawatofautiani kabisa, hata kwa hadubini. Wanaitwa tu "wa mahindi" na "wa mpunga". Unaona basi uzito wa swali walipofika kwetu. Kama ni wa mahindi, tunalia juu ya mahindi. Kama ni wa mpunga, basi kesho mashamba yote ya mpunga ya Imbo, kule bondeni kwa Rusizi, yako hatarini.

Watafiti wakapima. Kwa kipande kile cha herufi 650, nondo wengi wa Afrika wakasoma: mpunga. Lakini walikuwa wamekamatwa kwenye mahindi, wameshiba mahindi. Wakapima jini nyingine, iliyo ndani ya kiini cha seli. Wakasoma: mahindi. Mdudu yuleyule ana karatasi mbili zinazopingana.

Siri iko kwenye kile kipande chenyewe. Kinakaa kwenye mitokondria, na mitokondria mtoto huipata kwa mama peke yake. Kwa hiyo ule msimbo, pamoja na mashine zake zote, unauliza swali moja tu: mama wa mama wa mama yako alikuwa nani? Jini ile nyingine inamwingiza na baba. Maelezo ambayo wengi wameyakubali ni kwamba zamani koo hizo mbili zilioana: mama wa mpunga, baba wa mahindi, na wajukuu wao ndio waliovuka bahari. Kwetu, barazani, tunahesabu kwa baba. Msimbo unahesabu kwa mama. Kila mmoja anaacha nusu ya wazee nje ya mlango.

Nimemfikiria sana nondo huyo. Msimbo haukudanganya; ulijibu kweli swali ulioulizwa. Hatari ilikuwa kwa anayelichukua jibu la "mama yake ni nani" na kulifanya jibu la "yeye ni nani" na "atakula nini kesho". Na hata mpaka wenyewe kati ya aina na aina, mara nyingi watu wa DNA hutumia kipimo cha tofauti ya asilimia 2 au 3 hivi. Kinafaa kwa kazi nyingi. Lakini mstari huo tumeuchora sisi. Nondo hajui kama upo.

Hapa Burundi huwezi kusema "aina" bila watu kunyamaza kidogo. Kwa Kirundi neno ni ubwoko, na ndilo hilohilo la aina za maharage na la kabila. Wakoloni walipima watu pua na urefu katika nchi hizi, kama wapimavyo mabawa. Aprili 1997, katika seminari ya Buta, mkoa wa Bururi, watu wenye silaha waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Walikataa kujitenga. Wanafunzi 40 waliuawa. Wale vijana hawakukataa kwa sababu hawakujua nani ni nani. Walilala bweni moja, walijuana vizuri. Walikataa kwa sababu walijua swali limeulizwa kwa ajili ya nini.

Sasa weka pembeni ya hilo jambo jingine. Makubaliano ya Arusha yalitiwa saini Agosti 2000, na Katiba ya 2005 ikaweka hesabu: Bungeni asilimia 60 Wahutu, asilimia 40 Watutsi, na viti vitatu vya Watwa. Maneno ni yaleyale ya Buta. Lakini hapa yametumika ili kila mmoja apate kiti, asiogope. Unaweza kubishana kama hesabu ile ni nzuri au mbaya, na Warundi wanabishana. Ila huwezi kusema kwamba swali lililoulizwa Buta na lililoulizwa Arusha ni moja kwa sababu tu yametumia majina yaleyale. Kwa hiyo jambo la kwanza nililojifunza: mtu akikuuliza wewe ni wa aina gani, una haki ya kumuuliza, unataka kufanya nini na jibu langu? Yule mama na jani lake alitaka kuokoa mahindi. Swali lake lilikuwa safi, na mimi ndiye niliyelijibu vibaya.

Mpaka hapa ni rahisi kuandika, kwa sababu nazungumzia wadudu na makosa ya wengine. Sasa niseme linalonihusu.

Tulivuka mpaka wa Kavimvira kuja Gatumba mwaka 2013. Watu walikuwa wengi, wanasukumana. Mwanamke mmoja ambaye hatukumjua alimpa mke wangu mtoto wa kike wa miaka kama miwili. Alisema, "Nishikie huyu, mama, niko narudi kuchukua mwingine." Tulingoja mpaka giza. Siku zilizofuata tuliuliza kila aliyevuka kutoka upande ule. Hakuna aliyemjua, na yeye hakuja. Mtoto tukamchukua. Mke wangu alimnyoa, akamwogesha, akampa nguo ya binti yetu mdogo, na usiku wa pili aliniita baba kwa sababu wenzake waliniita hivyo.

Tulipoandikishwa, mtu wa biro aliuliza, "Watoto wangapi?" Nikasema watatu. Akaandika watatu. Sikuona kwamba nimesema uongo. Miaka ikapita, kila karatasi ikinakili ile iliyotangulia. Kisha ikaja habari ya faili ya kwenda kuishi nchi ya tatu, na fomu yenye visanduku: wa kuzaa, wa kambo, wa kulea. Aliyekuwa anaijaza alisoma karatasi za zamani, akaweka alama kwenye "wa kuzaa" mara tatu, akaniuliza kwa kichwa tu: sawa? Nikaitikia kwa kichwa.

Muda si mrefu Kanyosha yote ikawa inasema kwamba huko wanapima DNA. Uvumi wetu huwa na chumvi, lakini huu ulikuwa na mzizi. Mwaka 2008 Marekani ilijaribu kipimo hicho Nairobi, kwa wakimbizi 500 hivi, wengi wao Wasomali na Waethiopia, waliosema ni familia na walikuwa wanaitwa na ndugu zao. Familia ambazo uhusiano wote ulithibitika hazikufika asilimia 20. Katika zilizobaki, angalau mtu mmoja hakulingana, au watu walikataa kupimwa. Mpango wa kuunganisha familia kwa njia ile ukasimamishwa, na ulipofunguliwa tena mwaka 2012 kipimo kikawa sharti.

Wengi walihitimisha kwamba wakimbizi ni waongo. Wapo waongo, tusidanganyane; kila mmoja wetu anamjua mtu aliyemwandika asiyemjua. Na serikali ina sababu nzuri ya kuuliza, maana watoto huibwa na kuuzwa kwa kivuli cha "ni wangu". Lakini ndani ya ile namba wamo pia watoto wa marehemu kaka, waliolelewa tangu kunyonya. Kwa Kiswahili chetu ndugu wa baba ni baba mdogo, na dada wa mama ni mama. DNA ilijibu kuhusu kuzaa. Watu walikuwa wameulizwa, au walidhani wameulizwa, kuhusu mtoto. Ni nondo yuleyule: karatasi moja inasema mpunga, na tumbo lina mahindi.

Ningeishia hapo, ningepata makofi tena. Mwanangu ni mwanangu, DNA ni kipande tu, ofisi haielewi. Nilimwambia hivyo yule mama jirani. Alikuwa anapepeta maharage, hakuinua hata kichwa.

"Mwalimu, usiongee kweli kule biro. Watakunyang'anya mutoto."

"Lakini ni wangu."

"Ni wako. Nani anakataa? Na ule mama yake, akikuja kumutafuta, atamupata wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikakaa. Miaka yote nilikuwa nailaumu karatasi kwa kutojua baba ni nini. Sikuwa nimeona kwamba karatasi ile, kwa kichwa changu nilichoitikia, imemfuta mtu. Kama mwanamke yule yu hai, kama anazunguka kambi kwa kambi akiuliza juu ya mtoto wa miaka miwili aliyemwacha Gatumba, kila daftari litamjibu kwamba mtoto kama huyo hayupo. Yupo wa mwalimu, wa kuzaa. Nilikuwa nimejificha nyuma ya Kiswahili chetu kizuri, kama wengine wanavyojificha nyuma ya msimbo. Nilijua kisanduku kinauliza nini. Nikatoa jibu la swali jingine, kwa sababu lilinifaa.

Kuna jambo moja la wakusanyaji wa nondo ambalo lilinisaidia kuamua. Wadudu wengi wa Kongo na Burundi wamehifadhiwa Tervuren, Ubelgiji. Wengine wa Afrika Mashariki wako kwenye makumbusho ya Nairobi. Katika makusanyo kama hayo kila nondo hudungwa sindano, na chini yake, kwenye sindano hiyohiyo, huwekwa vikaratasi vidogo. Kimoja kinasema alikamatwa wapi, lini, na nani. Kingine kinasema jina la aina, pamoja na jina la mtu aliyemtambua na mwaka. Baada ya miaka 50 akija mwingine, labda na majibu ya DNA, akaona jina lile si sahihi, haruhusiwi kukichana cha zamani. Anaongeza chake chini, na jina lake, na mwaka wake. Nondo mmoja anaweza kuwa na majina matatu mfululizo, na unajua kila jina lilitoka mkononi mwa nani. Aliyekosea anabaki pale na sahihi yake, bila kufichwa na bila kutukanwa.

Karatasi zetu wakimbizi ni kinyume chake. Mtu anaweka alama, jina lake halimo, na alama inanakiliwa mpaka inakuwa ukweli. Ukitaka kuisahihisha, unaonekana mwongo kwa sababu umebadilisha maneno, wakati mwenye kubadilisha huenda ndiye wa kwanza kusema kweli. Naona hapo ndipo ulipo uovu wa kugawa kwa aina, kuliko katika kugawa kwenyewe: jina lisilo na mwenyewe, lisilo na mwaka, lisiloruhusu lingine kukaa pembeni yake. Waliopima pua za watu walitaka kipimo kimoja kiseme yote, tena milele. Mtu wa nondo akiwa mwaminifu anasema tu: kwa ninavyoona mimi, mwaka huu, kwa ushahidi huu.

Kwanza nilimwambia mtoto. Ilikuwa jioni, umeme umekatika, tumewasha taa ndogo ya jua, na wale vipepeo vya usiku wanagonga kioo chake. Ana miaka 12 sasa. Alikuwa anajua nusu, watoto hujua. Aliuliza jina la yule mama. Nikamwambia sikulijua. Akauliza alivaa nini. Mke wangu ndiye aliyekumbuka: kitenge cha kijani chenye ndege, na kovu dogo juu ya nyusi. Akauliza kama tutamrudisha. Nikamwambia hatumrudishi popote, lakini tutaandika kwamba yule mama alikuwepo. Akakaa kimya muda mrefu, halafu akaenda kulala upande wa mke wangu, kama alipokuwa mdogo.

Kisha nikaenda biro, nikaomba kusahihisha. Aliyenipokea alikuwa kijana, mwenye adabu, amechoka. Aliniambia ninajiharibia. Nikamwambia, "Najua, mwanangu. Andika hivi: si wa kuzaa, alikabidhiwa kwetu Gatumba mwaka 2013 na mama yake, tumemlea, anatuita baba na mama." Akasema hakuna kisanduku cha maneno yote hayo. Nikamwomba aandike pembeni. Akatazama mlango, akaandika pembeni kwa kalamu. Nikamwomba aongeze kitenge cha ndege na lile kovu. Akaongeza. Nikamwomba aweke jina lake na tarehe. Hapo alisita kidogo, kisha akaweka, na mimi nikaweka langu chini yake.

Mwezi wa nane huu faili haijajibiwa. Inawezekana nimeipotezea familia yangu safari, na mke wangu ana siku ambazo hasemi nami. Sitajifanya kwamba nina hakika nilifanya vizuri. Mwenye watoto wake huenda angeamua vingine, na sitamhukumu. Ila ile alama ya kichwa tu, nisingeweza kuiacha pale.

Wiki iliyopita yule mama alishuka tena kutoka kilimani na jani. Mahindi ya msimu huu bado madogo. Nilichukua lenzi niliyonunua sokoni, nikamgeuza kiwavi, nikatafuta Y usoni, nikahesabu madoa ya mkiani, naye akainama pamoja nami akahesabu. Manne. Tulikubaliana tuanze siku ileile, kuwaokota kwa mkono na kutia majivu kooni mwa kila mche, kabla hawajakua.